Alikuwa Fulbodi

Kibao kilicho kwenye ukuta wangu kimeandikwa "Boarding & Lodging", herufi nyekundu juu ya rangi nyeupe, na asiyekipenda ana barabara nzima ya kwenda Namanga mbele yake. Nasema hivi mapema ili tusisumbuane. Nimeambiwa nikitoe na akina mama wa kanisa, nikaambiwa na kamati ya mtaa, nikaambiwa na ndugu za marehemu mume wangu. Wa mwisho kuniambia alikuwa mtoto wangu wa kumzaa, na huyo ndiye aliyeniuma.

Shida iko kwenye neno la pili. Hapa Kitengela ukisema lojing, mtu anafikiria chumba cha juu ya baa, shuka moja nyepesi, na watu wawili wanaotoka bila kutazamana. Ukisema hoteli, anafikiria chai na chapati, na hakuna anayetarajia kitanda hotelini. Neno la kwanza nalo linawakumbusha bweni la shule na maharagwe yenye wadudu. Kwa hiyo mwanzoni watu walisoma kibao changu wakadhani nimefungua baa na shule ndani ya ploti moja.

Nilianza baada ya mume wangu kufariki. Alikuwa karani kiwandani Athi River, na mshahara wake ulikuwa umetujengea nyumba ya vyumba sita ambayo ghafla ilibaki na mimi na binti mmoja aliyekuwa karibu kuingia chuo. Mimi nilikuwa nimepika katika shule ya wasichana kwa miaka mingi. Najua kupikia watu wengi kuliko ninavyojua kupikia watu wawili. Mtu akiniambia biashara yangu ni ya aibu, huwa namwuliza yeye angeniachia kazi gani nyingine, na bado sijajibiwa.

Nililotaka kuuza hasa ni fulbodi, na ilibidi nimweleze kila aliyebisha hodi. Fulbodi ni kitanda, chai ya asubuhi yenye kitu cha kutafuna, chakula cha mchana na chakula cha jioni. Anayefanya kazi mbali namfungia mchana wake kwenye hotpoti anaondoka nayo. Hafubodi ni hayo hayo, toa mchana. Kuchaji simu kumo. Kufuliwa nguo hakumo. Na wote wanakula meza moja saa moja jioni, dereva na mwalimu na muuza shanga, hakuna kupelekewa sahani chumbani kama mgonjwa.

Walikuja waliotaka kitanda tu. Hao niliwarudisha barabarani. Mimi sijui kulaza mtu nisiyemlisha. Nikijua kuna mtu nyuma ya ukuta anageukageuka na njaa, mimi mwenyewe silali, na kichwa kinaniuma kesho yake nagombana na wasio na makosa. Kwa hiyo niliweka sharti kwamba anayelala kwangu anakula kwangu. Akina mama wa kanisa walisema hilo ni neno zuri, lakini kwa nini nisiandike "Guest House". Niliwaambia mgeni haulizi chakula ni saa ngapi, mpangaji wa fulbodi anauliza, na mimi nataka aulize.

Kijana mmoja alikuja mwezi wa nne, mvua ikinyesha, na begi moja na jiko dogo la gesi. Nikamwambia jiko lirudi ndani ya begi, hapa ni fulbodi. Alikuwa mtu wa Murang'a, fundi wa umeme aliyekuwa akitandaza nyaya kwenye maghorofa mapya yanayoota hapa kila wiki. Alikuwa mwembamba hata mkanda wake ulikuwa umetobolewa tundu jipya kwa msumari. Simu yake ilikuwa ikilia kila Jumapili, naye alikuwa akiigeuza kifudifudi mezani na kuendelea kula. Sikumwuliza. Maswali hayamo kwenye fulbodi.

Wiki ya kwanza niliweka omena, wale dagaa wa ziwani. Aliwatazama, wakamtazama. Upande wa pili wa meza alikaa mzee wa Kimaasai kutoka Ilbisil, mpangaji wangu wa siku za soko la ng'ombe, naye akasukuma sahani mbali akasema wale ni wadudu wa maji. Mzee nilimkaangia mayai, maana umri wake wa kufundishwa ulikuwa umepita. Kijana nilimwambia ale. Alikula. Kufikia mwezi wake wa tatu kwangu alikuwa anamaliza mboga ya mrenda, na kuteleza kwake kote, kabla yangu mimi niliyezaliwa nao, na mkanda ulikuwa umerudi kwenye tundu lake la kiwandani.

Binti yangu wakati huo alikuwa mwalimu Kajiado mjini, anakuja nyumbani Ijumaa na kuondoka Jumapili. Mimi ninayejua idadi ya vijiko vyangu sikuona kitu. Kijana alikaa miezi minane, akapata kazi Rongai, akapanga nyumba Tuala, akaniaga vizuri na kilo mbili za sukari. Mwaka mmoja ukapita. Ndipo binti akaketi kitandani mwangu Jumapili moja baada ya kanisa, akaniambia kuna mtu anataka kuleta watu wa kwao, na mtu huyo ninamjua.

Nilifurahi kwanza. Baadaye nikahesabu miezi aliyolala kwangu, na furaha ikaingia baridi.

Mimi ni wa Bungoma. Kwetu mama mkwe na mkwe ni watu wa kuonana kwa mbali. Hawashikani mikono, hawali meza moja, na mkwe halali chini ya paa la mama wa mke wake. Sasa huyu mkwe nilikuwa nimemlaza miezi minane. Nilikuwa nimempakulia mara tatu kwa siku, na alipougua malaria nilimbadilishia shuka kwa mikono hii. Sijui mama mwingine wa kwetu aliyewahi kukosea kwa ukamilifu namna hiyo.

Habari zilifika Bungoma kabla sijazituma. Shemeji yangu mkubwa, kaka ya marehemu, akanipigia.

"Mulamwa," alisema, maana ndivyo tunavyoitana mashemeji, "nasikia mkwe amelala kwako."

"Alilala, akalipa, akaondoka. Alikuwa fulbodi."

"Hiyo fulbodi yako mimi siijui. Niambie kitu kimoja. Ulikaa naye bure ama alilipa? Kama ni bure, huyo alikuwa mtoto wako wa nyumba, na hawezi kuoa dada yake. Hapo hakuna ndoa. Kama alilipa, basi alikuwa mtu wa nje, na mtu wa nje anaweza kuoa."

"Nimekwambia alilipa."

"Nitakuja nisikie ukisema hivyo mbele yao. Sitaki ya simu."

Kwa mara ya kwanza tangu nitundike kibao changu, neno lililowachoma watu lilikuwa limegeuka kunitetea. Nilicheka peke yangu. Kicheko hakikumaliza siku mbili.

Binti alikuja Ijumaa iliyofuata, siku nane kabla ya wageni. Hakuvua hata viatu.

"Mum, nimewaambia watu wake ulimsaidia tu. Kijana wa church, hakuwa na place ya kukaa, ukamchukua. Wao hawajui ni lojing. Please, hiyo sign itoke, ni siku moja tu."

"Na wapangaji?"

"Waende watembee kidogo. Warudi jioni."

"Wamelipia chakula cha mchana."

"Mum!"

Nilimweleza ya baba yake mkubwa. Nikisema bure, watu wa Murang'a watafurahi na watu wa Bungoma watavunja ndoa. Nikisema alilipa, Bungoma watatulia na Murang'a wataona mtoto wao anaoa kwenye danguro. Alisikiliza mpaka mwisho, macho mekundu, akasema basi niseme kwa namna ambayo kila upande utasikia unachotaka. Nilikuwa nimemsomesha vizuri kweli.

"Kila kitabu ulichofungua chuo kilitoka kwenye hicho kibao," nikamwambia.

"Najua, Mum. Najua hiyo yote. Na bado naona aibu."

Aliyasema taratibu, bila ubaya, na ndiyo sababu yalinichoma hivyo. Mtu akinitukana najua la kufanya. Nilikwenda nikachambua mboga ambazo hazikuhitaji kuchambuliwa. Nilikuwa na hasira naye na nilikuwa namhurumia, na sikuona ni kwa nini nichague moja.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi, ile siku ambayo kwao Murang'a inaitwa ya kujua nyumbani. Watu wachache wa upande wa mvulana wanakuja kuona msichana anatoka boma gani, kabla ya mazungumzo makubwa. Shemeji alikuwa ameshafika kwa basi la usiku, amekaa sebuleni na koti lake, anakataa chai ya pili ili asionekane ameshaamua. Wapangaji nilikuwa sijamtoa hata mmoja. Waliokuwa na kazi walikwenda kazini. Mzee wa Ilbisil alikuwapo, rungu lake chini ya kiti, akingoja mchana wake.

Magari mawili yaliingia saa tano na nusu. Nilitoka kuwapokea langoni, na ndipo nikaona kibao changu kimefunikwa na leso. Leso yangu mwenyewe, ya maua ya bluu, imebanwa juu kwa vibanio vya nguo. Binti yangu alikuwa amesimama kando yake, mikono nyuma, anatabasamu kwa wageni wanaoshuka.

Ningeweza kuiacha. Nimejiuliza mara nyingi kama mama mwema angeiacha. Lakini nilipoiona ile leso nilihisi kama nimefunikwa mimi mwenyewe uso, nyumbani kwangu, mchana, mbele ya wageni wangu. Niliwapa mkono mmoja mmoja mpaka wa mwisho. Kisha nikafungua vibanio, nikaikunja leso, nikaiweka begani.

"Karibuni," nikasema. "Hapa ndipo nyumbani. Mmekuja kupajua, pajueni."

Binti alikwenda ndani akikimbia. Wanawake wa Murang'a walisoma kibao, na mmoja akamnong'oneza mwenzake. Aliyekuwa msemaji wao, baba mdogo wa kijana, mtu mnene mwenye kofia nzuri, alisoma mara mbili. Kijana mwenyewe alikuwa anatazama viatu vyake.

Tuliketi. Maombi yakaombwa. Baba mdogo alisimama na hakuzunguka.

"Mama, sisi tunakuheshimu. Lakini tuliambiwa kijana wetu alisaidiwa na familia, familia ya kanisa. Sasa naona kitu ingine imeandikwa huko nje. Huyu kijana ako na kwao. Ako na shamba ya baba yake. Alikuwa anakaa lojing akifanya nini?"

"Alikuwa analala na anakula," nikasema. "Hakuna kitu kingine kinachofanyika hapa. Alikuwa mpangaji wa fulbodi, miezi minane. Sikumsaidia. Alilipa."

"Alilipa?" Shemeji aliuliza kutoka pembeni, sauti ikiwa imechangamka ghafla.

"Mpaka mwezi wa mwisho."

Shemeji aliegemea kiti, akafungua vifungo vya koti, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi akaomba chai. Wakati huohuo baba mdogo alikuwa akiokota kofia yake. Alisema wao wangetoka kidogo nje, wazungumze kama familia, na kila mtu mzima pale ndani alijua wanaotoka kidogo namna ile huishia kwenye magari. Nilimwona binti yangu mlangoni mwa ukumbi. Hakuwa analia. Alikuwa ananitazama tu, na nilijua kwamba wakiondoka hatanisamehe, na kwamba hata hivyo nisingebadilisha neno.

"Ngojeni." Aliyesema ni mama wa kijana. Alikuwa mwanamke mdogo wa mwili, kitambaa cha kichwa kimefungwa vizuri, na hakuwa amefungua mdomo tangu langoni ila kuitikia amina. "Mimi nataka kuona hiyo chumba."

Nilimpeleka. Siku hizo chumba kilikuwa cha nesi mmoja ambaye alikuwa zamu, kitanda kimetandikwa, dirisha wazi. Mama alisimama katikati. Akakaa kitandani, akabonyeza godoro kwa kiganja, akashika blanketi akapima uzito wake.

"Alikuja lini?"

"Mwezi wa nne."

"Alitoka nyumbani mwezi wa tatu." Alikuwa akiongea na blanketi. "Waligombana na huyu baba yake mdogo juu ya hiyo shamba. Hakuaga mtu. Simu nikipiga, haichukui. Mimi nilijua amekufa, ama analala kwa mtaro. Kila jioni nilikuwa naweka sahani yake, halafu napatia kuku." Akainua uso. "Alikuwa anakula?"

"Mara tatu kwa siku."

"Hata mchana?"

"Mchana alibeba kwa hotpoti. Hiyo ndiyo maana ya fulbodi, mama."

"Alikuwa anakula nini?"

"Nilichopika. Ugali, maharagwe, mrenda. Omena."

"Omena?" Alishtuka kabisa. "Wale samaki wadogo wako na macho? Mtoto wangu?"

"Alikuwa anaongezewa."

Alianza kucheka, akajifunika uso na mwisho wa kitambaa, na kicheko kikapotea humo ndani kikawa kitu kingine. Niliketi kando yake. Alipomaliza akaniuliza kwa nini sikusema tu kwamba nilimsaidia, ingekuwa rahisi kwa kila mtu.

"Kwa sababu hakuwa ombaomba," nikamwambia. "Mtu unayemsaidia, anakula akiangalia uso wako. Yeye alikula akiangalia sahani. Hicho kiti kilikuwa chake, na mimi mwenyewe singeweza kumwondoa."

Kisha akajipangusa, akatangulia.

Wanaume walikuwa wamesimama, baba mdogo na kofia kichwani. Mama aliwapita wote, akaenda moja kwa moja mezani, akavuta kiti kando ya mzee wa Ilbisil.

"Kaeni chini," akawaambia. "Mtoto wangu alikula hapa miezi nane. Nyinyi mlikuwa mnajua ako wapi?"

Baba mdogo aligeuza uso akatazama dirishani. Mzee wa Ilbisil, ambaye nadhani hakuwa amefuata hata nusu ya mambo yale, alimgeukia mama kwa adabu.

"Takwenya," akamsalimu, na bila kungoja kuitikiwa akaendelea, "hapa chakula ni saa saba. Mimi nimelipa. Lakini hao samaki, wewe usikubali."

Mama alicheka kwa sauti, na mtu akicheka mezani ni vigumu sana kuondoka naye. Waliketi mmoja baada ya mwingine. Kofia ikatoka. Binti yangu alileta maji ya kunawa, na alipofika kwangu alinimiminia mengi kuliko kawaida, mpaka yakafurika beseni, wala hakuinua macho.

Baada ya kula, shemeji alisimama kutoa neno la upande wetu. Alisema amesikia kwa masikio yake. Kijana alikuwa mteja, mtu wa nje, hakuna mila iliyovunjwa, ukoo hauna neno. Lakini hiyo ilikuwa mpaka leo. Kuanzia leo ni mkwe. Hatalala tena chini ya paa hili, hatashikana mkono na mama wa msichana, hawatakula tena meza moja. Wote walipiga makofi, Murang'a na Bungoma. Mimi nilipiga makofi zaidi ya wote, kwa kushinda, na nilikuwa bado napiga nilipotambua ninachokipigia. Nilimtafuta kijana kwa macho. Yeye hakuwa anapiga.

Jioni, wageni wakiwa wameondoka, binti alikuja nikiwa napangusa meza. "Bado naona aibu kidogo," akasema. "Lakini si ya kibao. Ni ya leso." Nikamwambia aibu ya namna hiyo akae nayo, haina ubaya, na atandike chumba cha baba yake mkubwa.

Wameoana sasa. Wanakaa Tuala na wanakuja Jumapili moja moja, na watu wanaonijua wananiuliza mimi niliyebishana na dunia nzima kwa nini hili nimelikubali. Nimelikubali kwa sababu nilipewa ndoa ya binti yangu, na hicho ndicho shemeji alichoomba badala yake. Sikusema halinichomi. Kumpikia mtu mara tatu kwa siku kwa miezi minane, halafu asalimiwe kwa kupungiwa mkono kutoka ng'ambo ya ua, kunachoma.

Kwa hiyo akija anakula na wapangaji, mimi nakula jikoni. Nimesogeza kigoda mpaka mlangoni, sahani magotini. Nikisikia kijiko chake kimetua mapema, namwuliza kutoka huku, "Umeshiba, ama unaona haya?"

"Nimeshiba, mama."

"Ongeza."

Namsikia akiongeza. Shemeji alikataza meza. Mlango wa jikoni hakuna aliyesema niufunge.